Mashine za masikio kwa mpiga tarumbeta: miezi 14 na kliniki ya juu ya duka la vitenge, Moshi

Huu ni mwezi wa 14 navaa mashine za masikio, jozi moja, zile za kukaa nyuma ya sikio zenye betri namba 13. Nilizinunua Moshi mjini kwenye kliniki ndogo iliyo ghorofani, juu ya duka la vitenge, dakika 5 kwa miguu kutoka stendi ya mabasi. Ninawaandikia hasa wapiga tarumbeta, walimu wa kwaya, wapiga kinanda na mafundi wa mitambo ya sauti. Mtu wa kazi nyingine, mashine yoyote iliyopimwa vizuri itamfaa. Sisi tunaweza kulipa fedha nyingi tukarudi nyumbani na kitu kinachotuharibia muziki. Yalinikuta hayo kabla sijapanda ngazi za pale.

Nina miaka 57. Tarumbeta nilianza nikiwa sekondari, kwanza bendi ya usharika, baadaye bendi za harusi. Watu wa Kilimanjaro hawana haja ya kuelezwa: wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na mpaka leo Jumapili ya sikukuu, ukipita sharika za mlimani utasikia tarumbeta, tromboni na besi zikiongoza nyimbo. Sisi wa mjini tukazipandisha kwenye pikapu. Harusi ya Moshi ikikosa matarumbeta ya kutangulia msafara kutoka kanisani hadi ukumbini, wageni wanaulizana kulikoni. Miaka 31 nimesimama nyuma ya kirikuu, mdomo wa tromboni ya mwenzangu ukiwa hatua moja kutoka sikio langu la kulia.

Masikio hayakuziba siku moja. Nilianza kukosa maneno ya wajukuu wakiongea wamenipa mgongo. Ikafuata simu. Halafu nikaanza kugombana na sauti ya kwanza. Kwenye kwaya ninayofundisha Old Moshi walikuwa mabinti saba wa sauti ya kwanza, na kwa karibu miaka miwili, kila zoezi la Alhamisi, nilikuwa nawasimamisha: "Tamkeni! Mnaimba 'ifa', imbeni 'sifa'!" Wanarudia, nasimamisha tena. Binti mmoja akaacha kuja. Niliamini kabisa kwamba ni uvivu wa midomo. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Kipimo ndicho kilichonionyesha. Unakaa kwenye chumba kimya umevaa visikilizio, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi ule mwembamba wa hezi 8,000. Mstari wangu ulitembea vizuri upande wa kushoto wa karatasi, ulipofika hezi 3,000 ukatumbukia, ukagusa chini kabisa kwenye 4,000, kisha ukapanda kidogo mwishoni. Mtaalamu aliutazama, akaniuliza, "Mwalimu, unafanya kazi kwenye kelele gani?" Shimo la namna hiyo, hapo karibu na 4,000, ni alama ya masikio yaliyopigwa na kelele kwa miaka mingi.

Sasa lipeleke shimo hilo kwenye kinanda. Noti ya la tunayotumia kupatanisha vyombo ni hezi 440. Noti ya mwisho kabisa mkono wa kulia, kwenye piano ya vibonyezo 88, ni kama hezi 4,186. Maana yake noti zote tunazoimba nilikuwa nazisikia! Teno akishuka nilimjua, alto akiwahi kuingia nilimjua, ndiyo sababu sikuwahi kuyashuku masikio yangu. Kilichopotea ni kile kinachokaa juu ya noti: mng'ao wa tarumbeta, pumzi ya filimbi, na konsonanti. S, f, sh na t zinaishi huko juu. Wale mabinti walikuwa wanatamka.

Kabla ya kufika ghorofani nilipita kwingine mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kidude cha shilingi 85,000 kilichouzwa pamoja na chaja za simu. Kinapaza kila kitu kwa kiasi kilekile, wakati mtu mwenye shimo kama langu besi anaisikia bila msaada. Nilikivaa siku tatu. Mara ya pili ilikuwa mashine za kweli, mji mwingine, na nilizilipia milioni 2 na laki 4. Duka lenyewe sitalitaja. Kwa maongezi zilifanya kazi, haki yao niwape: mahubiri niliyapata yote, na sokoni Kiborloni niliambiwa bei mara moja tu nikaelewa. Kwenye muziki ndipo nilipoumia.

Niliweka kinanda kwenye sauti ya filimbi nikashika noti moja ndefu. Baada ya sekunde mbili hivi ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Baadaye sana nilikuja kuelezwa sababu. Mashine hizi zina kinga dhidi ya miluzi ile inayotoka sauti ya spika inapoirudia maiki, na noti ndefu iliyo safi kwake inafanana na mluzi, kwa hiyo inajaribu kuifuta. Kwaya ikitoka sauti ya chini kwenda ya juu, mashine inavuta chini. Mwanzo wa wimbo na kilele chake vikawa kimo kimoja. Tarumbeta yangu mwenyewe ilikwaruza kama spika iliyochanika. Halafu kulikuwa na kitu kingine ambacho muuzaji alikiwasha bila kuniambia: kushusha masafa. Sauti za juu usizozisikia zinahamishiwa chini, mahali unaposikia. Kwa maneno inaweza kusaidia, lakini kwenye muziki zinatua mahali ambapo si pa noti yoyote. Nilisikia kinanda cha usharika kimeharibika. Tukamwita fundi, akakifungua, tukamlipa 40,000 ya sadaka za watu, akasema hakina kasoro.

Nilirudi kwa muuzaji mara tatu. Mara zote jibu lilikuwa moja: "Utazoea, mzee."

Kwa hiyo nilipopanda zile ngazi za juu ya duka la vitenge sikuwa na imani na mtu. Mtaalamu ni binti wa umri wa mwanangu wa tatu. Alinisalimia shikamoo, akaniketisha upande wenye mwanga ili niuone mdomo wake anapozungumza (hili peke yake lilinionyesha anaijua kazi), akauliza naitwa Mwalimu kwa kufundisha nini. Nikamwambia kwaya na tarumbeta. Akasema, "Basi leo sikuuzii kitu, baba. Nitakupima, nitachukua umbo la sikio, na ukirudi uje na tarumbeta yako."

Umbo la sikio linachukuliwa hivi: kipamba chenye uzi kinasukumwa ndani kwanza, kisha udongo laini wa rangi ya waridi unajazwa kwa bomba, baridi yake unaisikia mpaka kwenye taya. Dakika chache umekauka. Unatoka umeviringika kama konokono, na kutoka kwenye umbo hilo ndipo inatengenezwa plastiki ya kukaa ndani ya sikio lako peke yako. Wiki mbili baadaye nikarudi na tarumbeta kwenye begi lake.

Alifunga dirisha, akaziunganisha mashine na kompyuta nikiwa nimezivaa. Akaniambia nipige taratibu, halafu kwa nguvu, halafu "kama uko kwenye kirikuu." Nikapiga. Akina mama wa vitenge wakatoka nje, tukasikia vigelegele kutoka chini. Nikamwambia inakwaruza, kama zile nyingine. Hakutamka neno "utazoea". Aliinuka, akachukua plasta nyeupe ya karatasi, ile ya vidonda, akakata kwa kimkasi vipande vidogo kama punje za mchele. Nyuma ya kila mashine kuna vitundu viwili ambavyo ndivyo maiki. Akabandika kipande juu ya kila kitundu, akapitisha kucha kuhakikisha kimelala. "Piga tena." Ilikuwa nafuu. Akaongeza tabaka la pili. "Tena." Mkwaruzo ukaisha. Nilishusha tarumbeta nikaitazama, kwa sababu ilikuwa ni yangu, sauti yake niliyoizoea, na sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Alivyonieleza, na mimi ninavyowaelezea wenzangu tangu siku ile, ni kwamba mashine ina mlango mfupi. Imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Mtu akiongea kawaida karibu nawe ni kama desibeli 65, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Akipaza sana anafika 85 hivi. Tarumbeta ya jirani inapita 100 bila shida. Mashine nyingi, sauti ikizidi 95 hivi pale mlangoni inakatwa kichwa kabla haijageuzwa kuwa namba. Ukipunguza sauti baadaye kwa kitufe unapata wimbi dogo zaidi, lakini bado halina kichwa. Dawa ni kuiinamisha sauti kabla haijaingia, na plasta inafanya kazi hiyo: inapunguza kama desibeli 10 pale nje, kisha kompyuta inazirudisha ndani. Mbinu hiyo, alisema, wanaipata kwa Marshall Chasin, mtaalamu wa usikivu wa Kanada ambaye ameshughulikia masikio ya wanamuziki kwa miaka mingi na kuandika sana juu yake. Zipo pia mashine ambazo mlango umeinuliwa tangu kiwandani. Ukienda kununua, muulize muuzaji: maiki inapokea desibeli ngapi kabla ya kukwaruza? Asipoelewa swali, vaa viatu uondoke.

Baada ya plasta aliniwekea programu ya pili. Ya kwanza ni ya maongezi, ya pili ni ya muziki. Nikibonyeza kitufe nyuma ya sikio la kushoto nasikia milio miwili najua nimehama. Kwenye ya muziki alizima kinga ya miluzi, akazima kupunguza kelele, akafungua maiki zipokee kutoka pande zote badala ya mbele tu, akalegeza ule mkono unaovuta sauti kubwa chini, na kushusha masafa hakukuwasha kabisa. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Kwa jozi, ile plastiki ya sikio na marekebisho ya mwaka mzima nililipa milioni 1 na laki 9, yaani pungufu kuliko zile za mwanzo, na sijui kama mashine zenyewe ni bora sana kuliko zile. Mikono iliyozipanga ndiyo tofauti.

Alhamisi iliyofuata nilipanda Old Moshi. Nilihamia programu ya pili, nikawapa do, wakaanza wimbo uleule niliowasumbua nao. Walipofika kwenye "sifa", ile s ikapita kama ufagio wa asubuhi kwenye uwanja wa udongo. Mabinti sita kwa pamoja, safi. Sikusimamisha. Nikawaacha waimbe mpaka mwisho, nikawaomba warudie, wakadhani wamekosea. Nikawaambia hawajakosea, na kwamba miaka miwili hawakukosea, masikio yangu ndiyo yaliyokuwa mabovu, na nikawaomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Jumamosi nikaenda nyumbani kwa yule wa saba nikazungumza naye mbele ya wazazi wake. Alirudi tulipoanza nyimbo za Majilio.

Sasa upungufu, maana upo. Mtaalamu anafika Jumamosi mbili tu kwa mwezi. Siku nyingine yupo kijana wa mapokezi anayeuza betri na kusafisha mirija. Mashine ikigoma Jumatatu, unasubiri. Hawana kile kipimo cha mrija mwembamba unaoingizwa sikioni kuona sauti halisi inayofika kwenye ngoma ya sikio, kwa hiyo marekebisho yanategemea maelezo yako. Mimi nilikuwa na maneno ya kueleza kwa sababu ni kazi yangu. Mama yangu mdogo, aliyekwenda baada yangu, alijibu "ni sawa tu" kwa kila alichoulizwa, na mashine zake zipo kabatini. Mwende na mtu wa kuwasemea. Wiki tatu za kwanza sauti yangu mwenyewe ilivuma kichwani kama niko ndani ya pipa. Alipotoboa tundu kubwa zaidi kwenye ile plastiki ya sikio, ikaachia.

Betri ni gharama usiyoikwepa. Namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, pakiti ya sita nainunua 15,000, na kwangu betri moja inakaa kama siku 10. Zinatumia hewa: ukibandua kile kibandiko iache ipumue dakika moja au mbili kabla ya kufunga kimlango, na ukishabandua imeanza kuisha hata kama huitumii. Mjukuu wangu alizibandua nne kwa mpigo, akazipanga dirishani kama sarafu. Masika nayo yana shida yake, kwa sababu unyevu na jasho vinaua mashine hizi. Usiku zangu zinalala kwenye kopo la kahawa lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya, betri zikiwa nje.

Kuhusu pikapu, mtaalamu alikuwa mkali na nimemtii. Kwenye msafara mashine zinavuliwa, zinaingia viziba masikio, vile vinavyopunguza sauti kwa usawa bila kuufanya muziki uwe mzito. Hesabu yake alinichorea nyuma ya risiti: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8, kila zikipanda 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 zimebaki dakika 15. Msafara kutoka kanisani kwenda ukumbini, tukizunguka mji kama tunavyozunguka, unapita saa moja. Risiti hiyo ninayo bado. Niliwaonyesha wenzangu wa bendi, wakanyamaza.

Mashine hazijanirudishia kila kitu, na mtu asiwadanganye. Ukumbini, spika zikiwa zimefunguliwa zote, mshereheshaji simwelewi mpaka nimtazame mdomo. Tarumbeta mbili zikipiga noti jirani sana, kuna ukali fulani nilikuwa naukamata zamani ambao sasa naukisia. Kwa hilo nimejifunza kusikiliza kwa njia nyingine pia. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake kabla ya kutimiza miaka 13, hupiga bila viatu ili aipokee sauti kwa miguu. Sakafu ya kanisa letu karibu na madhabahu ni ya mbao. Nilipovua viatu pale, mwenzangu wa besi akapiga noti yake ya chini, niliipata kwenye visigino kabla sijaisikia. Tangu hapo nasimama hapo kwenye mazoezi, na besi nawapanga upande huo.

Kwa mpangilio wa muziki ninawapa alama zote, kwa upatikanaji wa mtaalamu nusu. Jumamosi ijayo ni zamu yake. Ninampeleka kijana wetu wa tromboni; ana miaka 24, na mwezi huu ameniambia mara tatu nirudie nilichosema. Nimemwagiza abebe tromboni.